Nani humpima mpimaji? Homa ya ini B katika maabara za Arua na Koboko

Katika kila hospitali ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuna chumba ambacho mgonjwa hukaa dakika chache tu. Ananyoosha mkono, anatolewa damu, anatoka kwenda kusubiri kwenye benchi. Anayebaki humo ni mtaalamu wa maabara. Kutwa nzima atafungua vifuniko vya chupa ndogo, atadondoshea damu kwenye vioo vya hadubini, atapakia na kupakua mashine ya kuzungushia damu, na jioni atafuta meza kwa Jik. Mgonjwa atapata jibu lake. Uchambuzi huu unatazama upande wa pili wa meza hiyo: je, huyu anayetoa majibu ya wengine analijua la kwake?

Swali hili lina uzito wa pekee huko Arua na Koboko kuliko katika maeneo mengi ya nchi. Homa ya ini ya aina B huambukizwa kwa damu na majimaji mengine ya mwili, na kaskazini mwa Uganda virusi vyake vimeota mizizi kwa muda mrefu. Uchunguzi wa kitaifa uliotumia sampuli za damu zilizokusanywa 2004 na 2005 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya 10 nchini humo alikuwa na virusi hivyo mwilini, na kwamba katika kanda za kaskazini, West Nile ikiwemo, kiwango kilikaribia mara mbili ya hicho. Utafiti wa kaya wa 2016 na 2017 ulikuja na takwimu ya chini zaidi, asilimia 4.3 ya watu wazima kitaifa, lakini ramani haikubadilika sana: kaskazini iliendelea kuongoza, na kusini-magharibi ikawa na nafuu kubwa.

Tafsiri ya takwimu hizo kwa mtu aliyesimama kwenye meza ya maabara ni rahisi. Miongoni mwa sampuli zinazompitia kwa siku, zipo zilizo na virusi, na nyingi kati ya hizo hazikuletwa kwa ajili ya kupimwa homa ya ini. Zimeletwa kwa malaria, kwa wingi wa damu, kwa kisukari, kwa mama mjamzito anayeanza kliniki. Hakuna fomu inayomwonya. Chupa yenye kifuniko cha zambarau ya mtu mwenye virusi na ile ya mtu asiye navyo zinafanana kabisa.

Jina linalopotosha

Kwa sisi tunaotafsiri habari, ugonjwa huu una tatizo hata kabla haujafika hospitalini, nalo ni jina. Kiswahili sanifu husema homa ya ini. Lakini wasikilizaji wengi wakisikia habari za macho kugeuka rangi hufikiria homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa, unaoenezwa na mbu na wenye chanjo yake tofauti. Nimewahi kusahihisha taarifa moja mara tatu kabla haijasomwa hewani, kwa sababu kila aliyeipitia alilirudisha neno "manjano" kwa nia njema. Hata neno "homa" lenyewe linapotosha. Wengi wanaoishi na virusi hivi hawana homa, hawana maumivu, hawana dalili yoyote, mpaka baada ya miaka 20 au 30 ini linapokuwa limejaa makovu au limeota saratani.

Ukimya huo una madhara yake katika jamii. Tumbo linapovimba kwa maji na mtu kukonda, huko West Nile maelezo yanayotangulia mara nyingi si ya virusi bali ya sumu: ametiliwa kitu kwenye chakula au kinywaji. Shutuma za sumu zimegawa familia na vijiji vya eneo hilo kwa miaka mingi, na watafiti wa masuala ya jamii waliofanya kazi Arua wameandika kwa kirefu juu yake. Ini lililoharibika taratibu tangu utotoni halina mshukiwa. Sumu inaye.

Ndivyo virusi hivi vilivyo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B sugu mwaka 2022, na kwamba ugonjwa huo uliua watu milioni 1.1 mwaka huo. Afrika inabeba asilimia 63 ya maambukizi mapya. Wengi wa walioambukizwa barani hawajui hali zao, kwa kuwa hakuna kilichowauma kiasi cha kuwapeleka kupimwa.

Hofu iliyokaa mahali pasipo pake

Kuna hesabu moja ambayo wanafunzi wa maabara hufundishwa na wengi huikumbuka, lakini mpangilio wa kazi haujaizingatia. Wachukue watu 1,000 wasio na kinga yoyote, waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi. Takriban 3 wataambukizwa. Kama sindano hiyo ilikuwa na damu ya mtu mwenye homa ya ini B, watakaoambukizwa ni kati ya 60 na 300, kutegemea wingi wa virusi katika damu iliyomchoma. Tofauti inaweza kufika mara mia moja.

Sababu ni wingi wa virusi na ugumu wao. Mililita moja ya damu ya mtu mwenye maambukizi makali inaweza kubeba chembe za virusi zinazofika bilioni moja. Na havifi damu inapokauka. Tone lililokauka kwenye ukingo wa meza, kwenye kalamu inayopokezanwa, au kwenye mpini wa mlango wa jokofu la sampuli, linaweza kuambukiza kwa muda wa siku 7 au zaidi, likipata mchubuko mdogo wa ngozi wa kupitia. Kwa hiyo si lazima pawe na ajali ya sindano ambayo mtu ataikumbuka na kuisimulia. Wahudumu wengi wa afya walioambukizwa katika miaka ya kabla ya chanjo hawakukumbuka tukio lolote la kuchomwa.

Sasa linganisha na yanayofuata baada ya ajali. Mfanyakazi wa maabara akijichoma leo, jambo la kwanza linalomjia akilini, yeye na wenzake, ni Ukimwi. Anakimbilia dawa za kinga, ambazo zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Anapimwa, anapangiwa tarehe ya kurudi, anapewa ushauri nasaha. Njia hiyo ilijengwa kwa miongo mitatu ya hofu, fedha na mafunzo, na imeokoa maisha. Hakuna anayepaswa kuidharau. Lakini kwa homa ya ini, iliyo hatari zaidi kwa kipimo cha sindano ileile, njia ni nyembamba. Asiye na kinga anatakiwa aanzishiwe chanjo haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24, pamoja na sindano ya kingamwili maalumu, ambayo ni ghali na si bidhaa ya kutarajia kuikuta kwenye rafu ya kituo cha wilayani. Kwa hiyo kinga ya kweli ni ile iliyotangulia ajali. Katika jambo hili hakuna kukimbilia kunakotosha kufidia kuchelewa.

Kujua si kukingwa

Ripoti nyingi zinazopita mezani kwangu kuhusu homa ya ini miongoni mwa wahudumu wa afya huishia na pendekezo moja: waongezewe uelewa. Nimelitafsiri neno hilo mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kulitilia shaka. Uelewa wa nini, hasa? Mtaalamu wa maabara wa Arua ndiye anayeidondoshea seramu kile kipande cha kipimo, anayesubiri mistari miwili itokee au isitokee, na anayeandika neno ambalo litabadilisha maisha ya mtu. Anajua ugonjwa unaambukizwaje. Alifanyia mtihani.

Ushahidi kutoka Kampala unaonyesha pengo lilipo. Utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu wahudumu 370 wa Hospitali ya Mulago, hospitali kuu ya rufaa nchini, uligundua kuwa asilimia 8.1 walikuwa na virusi vya homa ya ini B wakati huo. Damu za asilimia 48.1 zilionyesha kuwa walikwishakutana na virusi hivyo wakati fulani maishani. Asilimia 67.8 waliripoti kuchomwa na sindano. Na waliokuwa wamechanjwa? Asilimia 6.2. Hawa ni watu waliokuwa wakifanya kazi jirani na chuo kikuu cha tiba, katikati ya mji mkuu, na karibu wote walisema wako tayari kuchanjwa iwapo wangepewa nafasi. Hawakukosa maarifa. Walikosa mtu mwenye wajibu wa kuwachanja.

Tangu wakati huo mambo yamesogea. Mwaka 2015 serikali ya Uganda ilianza kampeni ya kupima na kuchanja vijana na watu wazima, na ikaanzia kaskazini kwa sababu zilizo wazi. Maelfu walipanga foleni. Lakini kampeni hiyo ililenga umma kwa jumla. Mfanyakazi wa maabara alipata chanjo kwa sababu aliishi katika wilaya husika siku ile, jinsi muuza nguo wa soko la Arua alivyoipata, wala si kwa sababu ya kazi yake. Aliyekuwa masomoni Kampala au Mbale miezi hiyo, aliyehamishiwa West Nile baadaye, aliyepata dozi ya kwanza kisha akapelekwa kituo kingine kabla ya ya pili, hao wote walipita katikati ya vidole vya kampeni.

Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita. Mpango huo unaonekana mwepesi kwenye karatasi. Katika maisha ya kijana aliyeajiriwa kwa mkataba wa muda mfupi, au anayejitolea akingoja ajira ya serikali, miezi sita ni muda mrefu sana. Dozi moja huwapa wachache kinga. Mbili huwapa wengi kiasi fulani. Ya tatu ndiyo inayoifanya kinga idumu, nayo ndiyo inayoachwa kirahisi zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo hata wenye kadi zilizojaa hawaulizwi. Chanjo hii hufanya kazi kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10 wenye afya njema, lakini si kwa wote, na uwezo wake hupungua kwa waliochanjwa baada ya umri wa miaka 40, kwa wavutaji sigara na kwa wenye kinga dhaifu ya mwili. Ndiyo maana kwa watu wanaoshika damu kila siku hushauriwa kipimo cha kingamwili mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, ili ijulikane kama mwili uliitikia. Kipimo cha haraka kinachopatikana vituoni hakijibu swali hilo. Kinasema tu kama virusi vipo sasa. Mtu anayepata jibu la "hakuna" anaweza kuwa amekingwa kikamilifu, au yuko wazi kama siku aliyozaliwa, na kipande kile cha kipimo hakitofautishi hali hizo mbili. Nimesikia watu wakilipokea jibu hilo kwa furaha kana kwamba ni cheti cha kinga.

Kwa nini hawapimani

Ungedhani wenye vipimo mkononi wangekuwa wa kwanza kujipima. Kinyume chake ni rahisi kukieleza. Katika maabara ya watu wawili au watatu, atakayekupima ni mwenzako anayekaa meza ya pili. Rejista ni moja, na jina lako litaandikwa humo. Katika mji wenye ukubwa wa Koboko, siri ya matokeo haiishi hata wiki moja. Mgonjwa wa kawaida anaweza kwenda kupimwa mji mwingine asikojulikana, lakini mfanyakazi wa maabara anajulikana na wenzake wa fani karibu katika kila kituo cha eneo zima.

Halafu kuna ajira. Vijana wengi wa Uganda wanaotafuta kazi katika nchi za Ghuba wanajua kuwa jibu la homa ya ini B kwenye uchunguzi wa afya linaweza kufunga safari hapohapo. Habari hizo zimeenea, na zimewafundisha watu kwamba kipimo hiki ni mlango unaoweza kufungwa usoni mwako. Mfanyakazi wa maabara haishi nje ya jamii hiyo. Anajiuliza, kwa haki kabisa, mwajiri atamfanyia nini akijua.

Jibu la kitabibu kwa hofu hiyo linatia moyo kuliko wengi wanavyodhani. Mtu mzima mwenye kinga ya kawaida akiambukizwa, uwezekano wa ugonjwa kuwa sugu ni chini ya asilimia 5; mwili wake mara nyingi huvishinda virusi wenyewe. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ndiye ambaye karibu mara 9 kati ya 10 hubaki navyo maisha yote. Na aliyebaki navyo si lazima aumwe. Anahitaji kufuatiliwa, kupimwa utendaji wa ini, na baadhi yao kutumia tenofovir, dawa ileile iliyomo katika mseto wa dawa za Ukimwi unaotolewa katika kliniki za nchi nzima. Haviondoi virusi kabisa, ila huvituliza. Anayefanya kazi maabara akiwa na virusi, akizingatia taratibu za kawaida za usalama, hana sababu ya kuondolewa kwenye meza yake. Haya yote yangepaswa kuandikwa ukutani kabla ya mtu yeyote kuombwa anyooshe mkono.

Lakini takwimu hizo za utotoni zinaleta utata ambao sijauona ukijadiliwa vya kutosha. Uganda iliingiza chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo alikua bila kinga hiyo, katika eneo ambalo virusi vilikuwa vingi. Kwa hiyo mfanyakazi wa maabara wa umri huo akikutwa na virusi leo, inawezekana kabisa alivipata akiwa mtoto nyumbani, miaka mingi kabla ya kushika hadubini. Au alivipata kazini mwezi uliopita. Kama hakupimwa siku ya kwanza ya kazi, hakuna atakayeweza kusema.

Hapo ndipo karatasi moja inapokuwa na thamani ya fedha. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, inayomtwisha mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake dhidi ya hatari za kazi, na ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Lakini anayedai kuwa kazi ndiyo iliyomwambukiza atahitaji kuonyesha kwamba aliingia kazini akiwa salama. Kipimo cha mwanzo, kilichofanywa kwa siri na kuhifadhiwa vizuri, kinamlinda mfanyakazi dhidi ya mwajiri anayekana, na kinamlinda mwajiri dhidi ya dai lisilo na msingi. Bila hicho, kila upande unabaki na neno lake.

Mpakani

Koboko ina hali yake. Wilaya hii imebanwa kati ya nchi mbili, na katika sehemu iitwayo Salia Musala mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hukutana. Watu wa pande zote tatu ni ndugu, wengi wao Wakakwa, na wanavuka kwa biashara, misiba na matibabu. Kambi ya Lobule inahifadhi wakimbizi kutoka Congo. Mashariki zaidi, Bidibidi katika wilaya ya Yumbe, na Rhino Camp na Imvepi upande wa Arua ya zamani, zimepokea Wasudan Kusini kwa mamia ya maelfu. Kiswahili, ambacho sehemu nyingine za Uganda bado kinatazamwa kama lugha ya askari, huku ni lugha ya soko na ya foleni ya hospitali.

Sudan Kusini ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2014 tu, na Congo nayo ilianza miaka kadhaa baada ya Uganda. Kwa hiyo maabara za mpakani zinapokea damu za vizazi vilivyokingwa na visivyokingwa kwa pamoja. Sisemi hili ili wakimbizi watazamwe kama hatari. Wenyeji waliozaliwa kabla ya 2002 wako katika hali ileile. Nalisema kwa sababu hesabu ya vifaa na chanjo vya wahudumu wa Koboko haiwezi kufanywa kwa kuangalia idadi ya wakazi wa Koboko pekee.

Eneo hili limeonyesha kuwa likitishwa linaweza kujipanga. Mwaka 2019 mgonjwa wa Ebola alipothibitishwa Ariwara, upande wa Congo, si mbali na Arua, tahadhari ilipanda mipakani pote: vituo vya kunawia mikono, vipimo vya joto, mafunzo ya kuvaa na kuvua mavazi ya kinga. Ebola inaua kwa siku chache na mbele ya macho ya watu. Homa ya ini inachukua miaka 30, na atakayekufa kwayo atakuwa amekwisha kustaafu, asiye tena kwenye orodha ya mfanyakazi wa mtu yeyote. (Ni kinaya cha historia kwamba jina la West Nile lenyewe limebandikwa kwenye virusi vingine, vilivyotambuliwa 1937 katika damu ya mwanamke mmoja wa huko. Damu ya eneo hili imewafundisha mengi watu wa mbali.)

Wasiohesabiwa

Tukisema "wafanyakazi wa maabara" tunamfikiria mwenye koti jeupe na cheti cha baraza la wataalamu. Lakini damu hupita mikononi mwa wengi zaidi. Yupo mwendesha pikipiki anayebeba masanduku ya sampuli kutoka vituo vidogo kwenda maabara kubwa. Yupo mfanya usafi anayebeba boksi la sindano zilizotumika, ambaye huchomwa na kile alichokitupa mwingine. Wapo wanafunzi walio kwenye mafunzo ya vitendo. Na katika mitaa ya Arua, zipo maabara binafsi za chumba kimoja, ambako kijana mmoja hupokea mgonjwa, hutoa damu, hupima, huandika jibu na kupokea fedha, bila mwenzake wa kumwita akijichoma.

Wajibu kwa watu hawa umetawanyika. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua iko chini ya serikali kuu. Vituo vya afya vya Koboko viko chini ya serikali ya wilaya. Hospitali za makanisa, kama Kuluva, zina uongozi wake. Benki ya damu ya mkoa iliyoko Arua, ambako kila chupa ya mchangiaji hupimwa homa ya ini, Ukimwi na kaswende, iko chini ya huduma ya taifa ya uongezaji damu. Maabara binafsi ziko chini ya wenyewe. Mfanyakazi mmoja anaweza kupitia tatu kati ya hizo ndani ya miaka mitano, na hakuna daftari linalomfuata.

Si kwamba dunia haijui la kufanya. Mwaka 2007 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizitaka nchi zihakikishe wahudumu wote wa afya wanachanjwa dhidi ya homa ya ini B. Marekani, mwaka 1991, ilitoa kanuni inayomlazimisha mwajiri kumpa chanjo hiyo bila malipo kila mfanyakazi anayekutana na damu, ndani ya siku 10 tangu apangiwe kazi hiyo. Maambukizi miongoni mwa wahudumu wake wa afya, yaliyokuwa maelfu kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalishuka kwa zaidi ya asilimia 90 kufikia katikati ya miaka ya 1990. Kanuni hiyo haikuwaachia wafanyakazi kazi ya kuhamasika. Ilimtaja anayelipa na siku ya mwisho ya kulipa.

West Nile inaweza kuanza na kitu kidogo kuliko sheria mpya: kumchanja mwanafunzi kabla hajashika sindano. Kwa anayeanza chuo Agosti, dozi ya kwanza katika wiki yake ya usajili inaifanya ya pili iangukie Septemba na ya tatu Februari. Machi au Aprili anapimwa kingamwili, mahali ambapo wanaompima si wanaomfundisha. Akitumwa Koboko kwa mafunzo ya vitendo katikati ya mwaka, anakwenda na karatasi yenye mambo manne: alivyokutwa siku ya kwanza, tarehe tatu za chanjo, kiwango cha kingamwili, na namba ya simu ya kupiga akijichoma.

Mpaka hapo patakapofika, kwa msikilizaji anayefanya kazi hii na anayesoma haya usiku baada ya zamu: ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda wala usikimwagie Jik. Andika saa. Andika ni sampuli ya nani, ili ipimwe homa ya ini B pamoja na Ukimwi, na uombe vyote viwili kwa jina. Kisha tafuta kadi yako ya chanjo, uhesabu tarehe zilizomo.